"Sisi hatujilipi hata senti": dhana zinazodumaza mashirika ya misaada ya wenyeji Kongo mashariki

Mama mmoja anayeongoza shirika dogo la misaada mjini Goma aliniletea bajeti niipitie kabla hajaituma kwa mfadhili. Mradi wa dola 200,000, maji na vyoo kwa wakimbizi wa ndani. Nilishuka hadi ukurasa wa mwisho, kwenye mstari wa gharama za uendeshaji. Sifuri.

"Mama, kodi ya ofisi analipa nani?"

Akatabasamu kama mtu anayengojea pongezi. "Papa, sisi hatujilipi hata senti. Zote zinaenda kwa wakimbizi."

Kazi yangu ni kukaa na hesabu za mashirika ya namna hii, na maneno hayo nimeyasikia kwa maaskofu, kwa manesi, kwa vijana waliotoka chuo juzi. Wa kwanza nilimweleza kwa upole. Huyu, nakiri, nilifunga kompyuta kwanza nikaomba chai. Nikarudi nyumbani nikaanza kuandika haya.

"Shirika la kweli halijitumii pesa lenyewe." Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoishika ni watu wema. Mwizi wa kweli hujaza ule mstari hadi senti ya mwisho inayoruhusiwa.

Ukiandika sifuri, kodi haiondoki. Mwenye nyumba bado anabisha hodi tarehe moja. Mhasibu bado anakula, intaneti inakatika isipolipiwa, jenereta inataka mafuta, pikipiki inataka tairi. Pesa hiyo itatoka mahali, na mimi nimeona mahali patatu tu. Mfuko wa mwanzilishi, ambao mwaka wa pili huwa umekauka. Mgongo wa wafanyakazi, wanaoitwa "wajitolea" na kupewa "motisha" pale inapopatikana. Au mradi wenyewe: kodi ya miezi mitatu inavaa kanzu na kuitwa "usafiri wa uhamasishaji".

Hapo ndipo mkaguzi anapoingia. Anakuta risiti arobaini za pikipiki, mwandiko mmoja, kalamu moja, nyingine za Jumapili. Anaandika "gharama zisizokubalika" na kudai zirejeshwe. Yule aliyekataa kujilipa hata senti sasa yuko kwenye ripoti kama mtu aliyekula pesa za wakimbizi. Nimewaona wakilia mbele ya hiyo ripoti, na sikuwa na la kuwafariji, maana risiti zilikuwa za uongo kweli.

Sheria za wafadhili wakubwa zinajua kwamba ofisi ina kodi. Mfuko wa kibinadamu wa Kongo unaosimamiwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, hukubali gharama za uendeshaji hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Kwa dola 200,000 za mama yule, hiyo ni dola 14,000. Hakuna atakayekushukuru kwa kuziacha mezani.

Palipo na ugumu wa haki ni pale unapopokea pesa kupitia shirika la kimataifa. Mara nyingi hilo shirika limepewa asilimia yake na mfadhili, likabaki nayo yote, likakukabidhi mkataba mdogo wenye mistari ya shughuli peke yake. Wewe uchimbe vyoo, ofisi yako ijiendeshe kwa maombi. Mwaka 2022 kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada duniani, IASC, ilitoa mwongozo unaotaka wenyeji nao wapewe sehemu ya gharama hizo. Mwongozo si amri, kwa hiyo uliza mwenyewe: "Asilimia ya uendeshaji mliyopewa ni ngapi, na yetu ni ipi?" Uliza kwa maandishi, kabla ya kusaini. Ukishasaini, unalalamika tu.

Watu hudhani nabishana kuhusu starehe za ofisi. Nabishana kuhusu mhasibu. Shirika likimlipa mhasibu kwa pesa ya mradi peke yake, mkataba wake unakufa siku mradi unapokufa. Mwezi unaofuata yuko kwenye shirika la kimataifa, mtaa wa pili, kwa mshahara usioweza kuufikia. Wakaguzi wanakuja baadaye. Mwenyekiti anatoa boksi lililokuwa chini ya dirisha linalovuja. Ndani, nusu ya risiti ni nyeupe kabisa, kwa sababu zile karatasi za mashine hufutika zenyewe kwa joto na mwanga, na hakuna aliyetoa nakala. (Toa nakala siku ileile. Nimelisema hili hadi watu wananikwepa barabarani.) Vifaa vilifika, watu walivipokea, nina hakika. Kwenye karatasi havikufika.

Na hapo ndipo ukuaji unapoamuliwa. Kabla ya kukupa pesa, OCHA hupima uwezo wako: nani anaidhinisha malipo, nani ananunua, nani anatunza hesabu, una utaratibu gani wa kuzuia unyanyasaji wa kingono. Jambo hili la mwisho lilipata uzito mkubwa Kongo baada ya tume huru, mwaka 2021, kueleza yaliyotendwa na baadhi ya wahudumu wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Majibu yako yanakuweka kwenye kiwango cha hatari. Ukiwa wa hatari kubwa, unapewa kidogo, kwa awamu nyingi, chini ya macho mengi. Kiwango kikishuka, kiasi kinapanda. Kwa hiyo ule mshahara wa mhasibu uliouona ni anasa ndio unaoamua kama mwakani utahudumia kaya mia tatu au elfu tatu.

Watu hunitajia hospitali ya Panzi, pale Bukavu, kama ushahidi kwamba moyo unatosha. Hospitali ilianza 1999, Daktari Mukwege akiwa na nia ya kuhudumia akina mama wanaojifungua. Mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa. Tuzo ya Nobel ilikuja 2018. Moyo ulikuwepo, sikatai. Lakini ile nyuzi ya kushonea kuna mtu aliyeiagiza kabla haijaisha, na mtu huyo alilipwa.

Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma, benki zilifungwa. Mashirika yenye pesa kwenye akaunti yakawa maskini kwa usiku mmoja. Niliyoyaona yakiendelea ni yale yaliyokuwa na akiba kidogo nje ya miradi, na kanuni ya maandishi ya kulipa kwa simu: nani anatuma, nani anahakiki, makato yanaandikwa wapi. Akiba hiyo haijengwi kwa mstari wa sifuri.

"Cheti cha usajili kikitoka Kinshasa, pesa zitafuata." Hapana. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema Waziri wa Sheria ndiye anayetoa utu wa kisheria, na kabla yake unahitaji maoni mazuri ya wizara ya sekta yako. Kipate, utakihitaji. Ila nawajua watu waliopanda ndege mara tatu kufuatilia sahihi hiyo na hawajawahi kugawa blanketi moja. Mfadhili atakiangalia cheti kwa sekunde kumi, kisha atauliza ulifanya nini mwaka jana.

"Dunia imeahidi wenyeji asilimia 25 ya pesa za misaada." Iliahidi, Istanbul, Mei 2016, na lengo lilikuwa 2020. Kinachowafikia wenyeji mkono kwa mkono kimebaki asilimia chache tu. Soma pia maneno yenyewe: yanasema "moja kwa moja kadiri inavyowezekana", na ndani ya hiyo "kadiri" wamepita wengi. Kuna wakurugenzi wanaopanga bajeti ya miaka mitatu juu ya ahadi hii. Wakati huohuo Marekani, iliyokuwa ikibeba takriban asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu Kongo mwaka 2024, ilisimamisha pesa zake Januari 2025, na kufikia Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Mfadhili mmoja akizidi nusu ya bajeti yako, tafuta wa pili leo, hata kama analeta dola elfu tano na fomu ndefu kuliko za yule mkubwa.

"Kukua ni kufungua ofisi nyingine." Shirika lililoanzia Rutshuru, linalojulikana Rutshuru, linafungua tawi Kalemie kwa sababu kuna tangazo la pesa Kalemie. Mwezi huu liko kwenye klasta (kundi la uratibu la sekta) ya chakula, mwezi ujao ni wataalamu wa ulinzi wa watoto. Sina la kuongeza.

"Sisi ni wenyeji, hatari haituhusu." Hili silichekei. Wengi mno wa wafanyakazi wa misaada wanaouawa duniani ni raia wa nchi wanayoifanyia kazi. Mgeni akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani anaulizwa kitambulisho. Wewe unaulizwa baba yako ni nani, na lafudhi yako inajibu kabla hujafungua mdomo vizuri. Shirika la kimataifa linapokuambia "ninyi mnapita kwa urahisi zaidi", mara nyingi linakukabidhi barabara ambayo bima yake yenyewe imeikataa. Sasa fungua bajeti yako, utafute bima ya dereva, redio, na pesa ya kumtoa mtu haraka hali ikichafuka. Zimekaa kwenye ule mstari wa sifuri.

Mama yule alirudi baada ya siku mbili. Ameandika asilimia 3, "tusionekane walafi". Nikafuta, nikaweka 7, akaguna lakini hakuifuta. Jioni akanitumia ujumbe kuuliza mlinzi anaingia wapi, kwenye uendeshaji au kwenye gharama za moja kwa moja. Swali zuri, la kwanza zuri wiki nzima. Nikamjibu: mlinzi wa ghala la vifaa vya mradi, moja kwa moja, kwa miezi ya mradi tu, mlinzi wa ofisi, uendeshaji. Akauliza tena: na kama ni mtu mmoja, na ghala liko nyuma ya ofisi? Basi gawa mshahara wake kwa kanuni iliyoandikwa na bodi ikaipitisha, mama, na nakala ya kikao iingie kwenye faili.