Kabla ya kupima tovuti, jua unauliza nini

Mama mmoja alifika kwenye dawati letu la elimu kwa umma akiwa ameshika simu. Kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao ilikuwa imetumwa linki ya mkopo wa haraka. Hakuwa mzembe. Kabla ya kulipa "ada ya usajili" ya shilingi 25,000, aliipeleka ile linki kwenye mojawapo ya zana za mtandaoni zinazopima tovuti, ikamjibu kwa kijani kitupu: salama. Akalipa. Mkopo haukuja, na namba aliyoitumia pesa haikupatikana tena.

Niliipima upya akiwa ameketi mbele yangu. Kijani kilekile, na hakikuwa cha uongo, kwa sababu tovuti ile haikuwa na kirusi hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kupokea pesa za watu, na kazi hiyo haihitaji virusi. Mama alitaka kujua kama mkopeshaji ni wa kweli. Zana ilimjibu kuhusu virusi.

Kila zana ina swali lake. VirusTotal, iliyo chini ya Google tangu 2012, huipitisha linki kwa makumi ya programu za kukinga virusi kwa mpigo. Zikipiga kelele kadhaa, funga na usirudi. Zikinyamaza zote, maana yake ni kwamba bado hazijaona ubaya, na tovuti iliyofunguliwa leo asubuhi huenda haijafika kwenye orodha ya mtu yeyote.

Ukitaka kujua umri wa tovuti inayoishia na .com, ingia lookup.icann.org, andika jina lake, kisha tafuta tarehe ya kusajiliwa. Kampuni iliyojinadi kwa mama kuwa imehudumia Watanzania kwa miaka kumi ilikuwa na jina la tovuti lenye siku 19. Umri mkubwa nao usikulaze usingizi, maana majina ya zamani huuzwa na matapeli hununua.

Linki iliyofupishwa, ambayo hujui inakwenda wapi, ipeleke urlscan.io. Itaifungua kwenye kompyuta zake na kukuletea picha ya ukurasa, nawe hujaugusa. Hapa naomba umakini: upimaji wa wazi huonekana na watu wote. Usibandike linki uliyotumiwa ili kubadilisha nywila, au yenye namba ya maombi yako, kwa kuwa utakuwa umeuacha ufunguo mlangoni.

Zana zinazotoa alama kati ya 100, kama ScamAdviser, mimi huzisoma kuanzia chini, kwenye sababu. Alama ni hesabu ya mashine; sababu ndizo zinazokuambia kitu.

Alama ya kufuli iliyokaa kando ya anwani ya tovuti iliwapoteza wengi. Ilithibitisha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa, na tangu 2015 shirika la Let's Encrypt linatoa bure vyeti vya kufunga mawasiliano hayo kwa yeyote mwenye tovuti, tapeli akiwemo. Chrome yenyewe iliiondoa alama hiyo kwenye kompyuta mwaka 2023.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji zana. Tazama anwani hii niliyoitunga: portal.ajira.go.tz.maombi-mapya.xyz/fomu. Jicho linakimbilia "ajira.go.tz" na moyo unatulia. Sasa tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha soma kurudi kushoto: xyz, halafu maombi-mapya. Huyo ndiye mwenye nyumba. Yaliyotangulia yote ni mapambo anayoweza kuandika mtu yeyote. Tovuti halisi ya maombi ya ajira serikalini ni portal.ajira.go.tz, na mwisho wa .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, kama ilivyo .go.ke kwa Kenya.

Swali la yule mama lilikuwa na jibu, ila halikuwa kwenye zana yoyote kati ya hizi. Lilikuwa Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Novemba 2024 BoT ilitangaza programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, na orodha ya wakopeshaji wenye leseni ipo kwenye tovuti yake, bot.go.tz. Kenya, Benki Kuu yao nayo huchapisha ya kwao. Kwa jambo lolote la mkopo au uwekezaji, mimi huanzia hapo. Jina lisipokuwemo, sihangaiki hata kupima virusi.

Kama umeshalipa, pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo na uombe muamala uzuiwe kabla pesa haijatolewa. Usifute ujumbe hata mmoja. Nenda nao polisi. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Na kama uliandika PIN yako kwenye fomu yao, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.