Pikapu Si SUV Iliyokatwa Mgongo

"Fundi, si ni gari lile lile tu, limekatwa nyuma?" Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu aliyeuza SUV yake, akanunua pikapu ya kwanza maishani, kisha akaja analalamika kwamba ameuziwa gari bovu. Linadunda. Linaruka nyuma kwenye kila tuta. Shokomzoba lazima zimekufa. Nikalipandisha juu: shokomzoba kavu, hazivuji, bushi nzima, springi zote mahali pake. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa tupu, basi.

Nakubali imani hii ina chanzo. Hilux, ambayo ni pikapu, na Fortuner, ambayo ni SUV, ni ndugu wa chesisi moja, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Ranger na Everest vivyo hivyo, D-Max na MU-X, Triton ya kizazi kilichopita na Pajero Sport. Injini mara nyingi unazikuta zile zile, giaboksi zile zile, dashibodi nayo mara nyingi hufanana. Kuanzia bampa ya mbele hadi mlango wa dereva, anayesema "ni gari lile lile" hajakosea sana. Kasoro ni kwamba barabarani unaendesha gari zima, pamoja na nusu yake ya nyuma. Na kama umetoka kwenye SUV ndogo ambayo haina hata chesisi, ambayo mwili wake wa bati ndio unaobeba kila kitu, basi unahama ukoo kabisa.

Tuanze na springi, maana ndizo zinazoletwa kwangu kwa mashtaka. Fortuner nyuma ina koili, springi za kuviringika. Hilux nyuma ina springi za bapa, zile pasi za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwenye ekseli kwa yuboliti, boliti zenye umbo la U. Koili za SUV zimepangwa kwa gari ambalo uzito wake haubadiliki sana: leo watu wawili, kesho watano na mabegi. Springi za pikapu zimepangwa kwa gari ambalo asubuhi halina kitu nyuma na mchana lina karibu tani moja. Mtengenezaji hana njia ya kukupa springi laini ikiwa tupu ambayo pia haitalala chini ikijaa, ila kwa ujanja kidogo: pasi za juu hufanya kazi muda wote, na ile nene ya chini huingia kazini mzigo ukizidi. Hata hivyo, kazi ya kwanza ya springi hizo ni mzigo. Kiuno chako kinakuja baadaye.

Ndiyo maana ikiwa tupu inaruka. Kwenye barabara ya kokoto yenye vijituta, magurudumu ya nyuma yanapaa kidogo, na gurudumu lililo hewani halishiki kitu. Ingia kwenye kona hapo kwa mwendo uliozoea na SUV yako, nyuma itataka kutangulia mbele. Mvua ikinyesha, hata kona ya lami inatosha. Mifumo ya kisasa ya kudhibiti mtelezo imepunguza sana hatari hii, lakini mfumo hauongezi uzito juu ya ekseli. Pikapu tupu inataka mguu mwepesi, hasa unapotoka kwenye kona.

Kubadilisha shokomzoba hakutageuza pikapu kuwa SUV. Nitakuuzia ukitaka, lakini usije kunilaumu.

Kuna wanaouliza mbona Navara ya kizazi cha D23 yenye milango minne imewekewa koili nyuma. Kweli, katika masoko mengi imewekewa, na ikiwa tupu inatulia kuliko wenzake. Mimi mwenyewe kauli yangu hapa hubadilika kulingana na gari lililo mbele yangu. Kwa mtu anayebeba familia siku zote na mzigo mara moja moja, koili ni jibu zuri. Kwa mtu anayejaza kila siku, bado napendelea pasi: zinaonekana, zinahesabika, na moja ikivunjika unaiona kwa macho bila kipimo. Vitabu vinapenda kutoa mshindi hapa. Sioni mshindi.

Sasa tufike kwenye kinachonichosha kweli: "Ni pikapu ya tani moja." Tani moja ya nini, wapi, na nani yumo ndani?

Nenda kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au popote kibati kilipo kwenye gari lako. Kuna namba ya uzito wa juu kabisa wa gari na kila kilichomo. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho uwezo wako wa kubeba. Tuseme kibati kinasema kilo 3,050 na gari tupu lina kilo 2,110. Umebaki na 940. Unadhani ni 940 za saruji? Hapana. Ni zako wewe, abiria, kanopi ya kufunika nyuma, bampa la chuma, tairi la spea la pili, boksi la vifaa, kila kitu ambacho gari halikutoka nacho kiwandani. Watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja ni 375; umebaki na 565. Kanopi kilo 80, bampa la chuma kilo 60. Umebaki na 425. Funga trela la kilo 1,500, na kwa desturi karibu asilimia kumi ya uzito wake inalala kwenye ndoano yako: 150 nyingine. Umebaki na 275. Hiyo ndiyo "tani moja" yako siku ya safari. Halafu kuna unafiki mdogo wa karatasi: kwa utaratibu wa Ulaya, dereva wa kilo 75 na asilimia 90 ya mafuta tayari wamehesabiwa ndani ya uzito wa gari tupu, kwingine dereva hayumo. Ukilinganisha matangazo mawili bila kujua hilo, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Na si kila pikapu ya umbo lile ina uwezo ule. Ranger Raptor ni Ranger, lakini kwa ajili ya kukimbia porini imewekewa koili nyuma, na uwezo wake wa kubeba uko chini sana ya tani, na wa kuvuta ni kilo 2,500 badala ya 3,500 za ndugu zake. Gari la bei kubwa zaidi ndilo linalobeba kidogo zaidi. Watu hawaniamini mpaka wasome kibati.

Lakini hata namba ikiwa sahihi, bado kuna swali la mzigo umekaa wapi, na hapa pikapu ya milango minne inawaponza wengi. Ili kutoshea viti vya nyuma, kebini imerefushwa na bodi, yaani sehemu ya kubebea mzigo, imesukumwa nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi iko nyuma ya ekseli. Pikapu ya kebini moja haina shida hii kwa kiasi kile, kwa sababu bodi yake ndefu inaanza mbali mbele ya ekseli.

Chukua Hilux yenye milimita 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Weka kilo 200 sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani karibu na mlango wa bodi, pale ambapo kila mtu huweka vitu kwa sababu ndipo mkono unapofika. Ekseli ya nyuma haibebi 200. Inabeba karibu 252. Hizo 52 za ziada zimetoka mbele, kwenye magurudumu yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika vichwa vya miti, na dereva anasema gari "linaelea". Ongeza na ndoano ya trela, ambayo iko nyuma zaidi. Sasa piga shimo kwa kasi, na hizo kilo si kilo tena, ni nyundo. Chesisi nilizoziona zimepinda au kupata nyufa, nyingi zimepindia sehemu moja: katikati ya mgongo wa kebini na ekseli ya nyuma. Wenyewe waliapa hawakuzidisha uzito, na wengine naamini walisema kweli. Mzigo haukuzidi, ulikaa vibaya.

Kizito kiegemee kebini, chini, kimefungwa. Chepesi kiende nyuma.

Hapo ndipo huja mteja wa pili: "Basi niongezee springi, nibebe tani mbili." Kuongeza pasi kunazuia nyuma kulala. Hakuongezi ekseli, bearing, breki, tairi wala chesisi, na namba ya kwenye kibati haibadiliki hata kidogo. Tena kwenye pikapu nyingi za zamani kuna vali ya breki chini ya bodi, imeunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijifimbo. Gari likijaa, bodi inashuka, kijifimbo kinasukumwa, na vali inaruhusu breki nyingi zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu inabana, ili magurudumu ya nyuma yasifunge. Ukiinua gari kwa pasi za ziada bila kurekebisha kile kijifimbo, vali inaamini huna mzigo hata ukiwa umejaza pomoni. Breki za nyuma zinalala usingizi, za mbele zinapiga kazi ya wote. Nimezikuta hivyo mara nyingi, na aliyefunga pasi mara nyingi hata hakujua kwamba vali ipo.

Kama unataka nyuma isilale kwa mzigo ulio halali, sawa, nitakuongezea, na kile kijifimbo nitakiseti upya.

Upepo wa tairi. Kibandiko cha mlangoni hutoa vipimo vya gari tupu na gari lililojaa, na vya nyuma huachana sana. Anayeendesha gari tupu na upepo wa mzigo analalamika kudunda. Anayejaza mzigo na upepo wa gari tupu anapasua tairi, kwa sababu kuta zake zinakunjika na kuchemka. Lakini mzigo wa nusu je? Kibandiko kimenyamaza, na nusu ndiko watu wengi waliko. Mimi hukadiria katikati kisha nikaangalia tairi linavyolika: likilika katikati, upepo umezidi, likilika pembeni, umepungua. Si sayansi ya kujivunia, lakini ndiyo tunayotumia.

Urefu nitaupita haraka. Fortuner ina milimita 2,745 kati ya ekseli, Hilux 3,085. Everest mpya 2,900, Ranger yake 3,270. Maana yake unahitaji nafasi zaidi kugeuka, gurudumu la nyuma linakata kona ndani zaidi ya ulivyozoea, na kwenye tuta kali tumbo linagusa pale SUV ilipopita. Utazoea.

Fowili, yaani gari kuvutwa na magurudumu yote manne, sipiti haraka. SUV nyingi zenye fowili zina ile ya muda wote yenye difu ya katikati (gia inayoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), au ile inayojiwasha yenyewe ikihisi mtelezo. Ulikuwa hufikirii. Pikapu nyingi zina fowili ya kuwasha, bila difu ya katikati: ukiweka 4H, yaani ukiiwasha fowili, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, tairi huteleza kidogo na hesabu inajilipa yenyewe. Kwenye lami kavu haziwezi kuteleza, kwa hiyo mvutano unajikusanya ndani ya gia: usukani unakuwa mzito, gari linasita kama linashikwa, na ukitaka kurudisha 2H, yaani magurudumu mawili tu, inagoma. Likikugomea, rudi nyuma mita chache taratibu, mara nyingi linaachia. Zipo zisizofuata kanuni hii: Triton yenye Super Select ina difu ya katikati, na baadhi ya Ranger zina 4A, ile inayojiwasha yenyewe. Soma kitabu cha gari lako mwenyewe, siyo cha jirani.

Lami iliyolowa? Vitabu vinasema usiwashe, vinaishia hapo. Mimi kwenye lami iliyofunikwa na tope, barabara imenyooka na bodi tupu, huwasha, kisha huzima kabla ya kona kali. Kwenye maji matupu, siwashi, napunguza mwendo.

Bodi yenyewe: kila kitu kitalowa na kila kitu kitapata vumbi, hata ukiwa na kanopi, kwa sababu hewa nyuma ya gari inavuta vumbi kuelekea mlangoni. Badilisha mpira wa mlango wa bodi kabla ya kulaumu kanopi. Na wanaotembea na mlango wa bodi umeshushwa ili kuokoa mafuta waufunge. Ukiwa umefungwa, ndani ya bodi kunabaki hewa inayojizungusha, na upepo mkuu unapita juu yake. Ukiushusha unaivunja hewa hiyo na mara nyingi unaongeza ukinzani. Unachookoa ni kazi ya kufunga mlango, na njiani unaangusha vitu.