John Martin hakuwa mwendawazimu

Tangu zamani watu husema "Siku Kuu ya Hasira Yake", picha ya rangi za mafuta yenye upana wa mita 3 hivi ya mchoraji Mwingereza John Martin, ilichorwa na kichaa. Si kweli. Aliyechoma kanisa kuu la York mwaka 1829 na kufungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili London hadi alipofariki 1838 ni Jonathan, kaka wa mchoraji. John mwenyewe alikuwa akichora ramani za maji safi na mifereji ya majitaka ya London.

Picha hiyo ya 1851–1853 inafuata Ufunuo 6: mwezi kama damu, milima ikihama. Tazama kwa makini mwamba unaoporomoka: umebeba mji mzima, kichwa chini. Hiyo ni kazi ya mtu aliyepima kila pembe.