Sandiboksi ya mfumo na sandiboksi ya kubebwa: tofauti iko wapi hasa

Nimeshaona mara nyingi mno mtu anaandika kwamba programu fulani ya Linux ni salama zaidi "kwa sababu ina sandiboksi yake yenyewe, haitegemei ya mfumo", na watu wanaitikia tu kana kwamba hoja imeisha. Hapo vimechanganywa vitu viwili visivyohusiana.

Maana kwanza, haraka. Sandiboksi ni kuiendesha programu ikiwa imezuiwa: inaona mafaili machache tu, haizioni programu nyingine, mtandao inapewa au inanyimwa. Kwenye Linux kuna zana za kujengea kizuizi hicho, na inayotumika sana ni bubblewrap, komandi yake bwrap. Zana ya mfumo ni ile iliyowekwa na distro (toleo la Linux unalotumia, kama Debian au Ubuntu), kawaida iko /usr/bin/bwrap, na kila programu inayoihitaji inaitumia hiyo hiyo. Ya kubebwa ni kopi ambayo programu imekuja nayo ndani ya kifurushi chake. Ndo hivyo tu.

Sasa kinachonikera. Anayezuia ni kerneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, na kerneli ni moja kwa zote mbili. Neimspesi (vyumba vinavyoipa programu mwonekano wake wa mfumo) ziko kwenye kerneli, seccomp (kichujio cha maombi ambayo programu inaruhusiwa kuipelekea kerneli) iko kwenye kerneli, bwrap inachofanya ni kuiomba kerneli ijenge chumba kipya, inapanga mafaili gani yaonekane humo, halafu inaianzisha programu yako ndani. Kopi mbili za toleo lile lile zikipewa maagizo yale yale zinajenga kitu kile kile, moja iwe imetoka Debian nyingine imekuja na programu. Na maagizo yenyewe bwrap haiyatungi, haina sera yoyote ya kwake, inatii ilichoandikiwa, ukiiandikia bwrap --bind / / umeipa programu diski yako nzima na karibu hujazuia kitu, ingawa kwa jina bado iko "ndani ya sandiboksi". Flatpak, mfumo wa kusambaza programu za Linux unaoitumia bwrap, ndiyo inayoyatunga hayo maagizo kutokana na ruhusa za programu husika. Kwa hiyo ukitaka kujua programu imezuiwa kiasi gani angalia ruhusa zake, swali la bwrap ya nani imetumika halikujibu hilo hata kidogo.

Basi kuchagua kati ya hizi mbili kunabadilisha nini? Kwanza kabisa nani anaiapdeti, na mfano mzuri ni wa mwaka 2024. Flatpak ilipatikana na mwanya wa usalama, uliosajiliwa kama CVE-2024-42472, programu iliyoruhusiwa kuhifadhi folda yake ya kudumu iliweza kuweka kiungo (symlink, kinachoelekeza mahali pengine) mahali pa ile folda na kufikia mafaili ya nje ambayo haikutakiwa iyaguse. Kuurekebisha ndani ya Flatpak peke yake haikutosha, ilibidi bwrap nayo iongezewe opsheni mpya, --bind-fd. Aliyejenga Flatpak na bwrap ya ndani alipata vyote kwa apdeti moja ya Flatpak. Distro zinazotumia ya mfumo zililazimika kuapdeti vifurushi viwili viende pamoja. Hapo ya kubebwa ilikuwa rahisi, nakubali. Ila geuza upande wa pili: mwanya ukiwa kwenye bwrap yenyewe, distro inarekebisha faili moja na programu zote zimepona, wakati kila programu yenye kopi yake inabidi umsubiri mwenyewe aamke, na wengine hawaamki kabisa.

La pili ni ruhusa, na hili watu hulisahau. Mtumiaji wa kawaida akitaka kujenga sandiboksi anahitaji kerneli imruhusu kutengeneza neimspesi za mtumiaji bila kuwa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Debian ilikuwa imeizima hiyo mpaka toleo la 11 mwaka 2021, na njia iliyobaki ilikuwa bwrap yenye setuid root, alama kwenye faili inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya root hata ikianzishwa na mtu wa kawaida. Sasa kopi iliyoshushwa kwenye folda lako la nyumbani itapataje setuid root? Haiwezi, mpaka msimamizi wa mashine aiweke kwa mkono. Ya mfumo inaweza kwa sababu imewekwa na root. Ndo maana Steam, programu ya michezo ya kompyuta, ambayo inabeba bwrap yake, ina njia ya kurudi kwenye bwrap ya mfumo pale ya kwake inaposhindwa.

Jambo la tatu ni njia ya faili kwenye diski. Tangu Ubuntu 24.04, AppArmor (ulinzi wa mfumo unaoamua programu ifanye nini) inabana hizo neimspesi kwa programu ambazo hazina profaili, yaani faili ya kanuni, inayoziruhusu, na profaili kwa kawaida hufungwa kwenye njia ya faili. Kopi iliyojificha kwenye folda nyingine haitambuliki, inagoma, na mtu anaanza kushauriwa kuzima ulinzi wa mashine nzima ili programu moja iwake. Ushauri huo tafadhali usiufuate.

Mimi kwa programu inayotoka kwenye distro nachagua ya mfumo, na inayosafiri kwenye distro zozote naona ni haki ibebe yake, mradi ijue kurudi kwenye ya mfumo. Flatpak yenyewe usipoiambia kitu wakati wa kuijenga inajenga ya ndani na kuiita flatpak-bwrap, ukitaka ya mfumo unaweka -Dsystem_bubblewrap=bwrap.

Na kwa wale wa upande wa pili wanaosema ya mfumo "ni ya zamani" kwa kutazama namba: --bind-fd ilikuja rasmi na bubblewrap 0.10.0, lakini Debian 12 iliongeza kiraka hicho hicho (marekebisho ya msimbo) kwenye 0.8.0 yake. Kwa hiyo ukiona bwrap --version inasema 0.8.0 usiandike bado kwamba mashine iko wazi, angalia kwanza toleo la kifurushi la distro, lile lenye mkia wa deb12u1.