Kakofonia Haikutoka kwa Kunguru

Wiki hii nimeletewa tafsiri nyingine ya kuhariri, na pembeni mfasiri kijana kaniandikia: "Mwalimu, 'cacophony' ni tanakali sauti, limeiga mlio wa kunguru." Jamani, tena! Najua linakotoka wazo hili. Hapa Dar es Salaam kunguru ndio wanaotuamsha alfajiri.

Neno ni la Kigiriki. Kakos ni -baya, phone ni sauti. Lilipitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katikati ya karne ya 17. Phone hiyohiyo imo katika simfonia, saksafoni na fonolojia mliyoisoma chuoni. Hakuna ndege humo.

Kinachoniudhi zaidi ni kuliandika "kelele" na kupita. Kelele ni ukubwa wa sauti. Jenereta likinguruma usiku kucha Sinza ni kelele, tena za kuchosha, ila si kakofonia, kwa kuwa sauti ni moja. Simama Kariakoo jioni: kondakta anaita "Mbagala! Mbagala!", spika ya duka inanadi mashati, bajaji inapiga honi. Kila sauti ina kazi yake, zikikutana zinagombana. Hiyo ndiyo kakofonia. Na wala haihitaji nguvu. Wasikilize wapiga fidla wa taarabu kabla hawajalinganisha nyuzi: wanapiga taratibu kabisa, na bado unakunja uso. Hata ubeti unaosomwa kwa mnong'ono unaweza kuwa nayo, konsonanti ngumu zikisongamana mpaka ulimi ukakwama, na mara nyingi mshairi kakusudia hivyo.

Kijana nimpe haki yake kidogo. Asili ya kakos yenyewe inabishaniwa. Wapo wataalamu wanaoihusisha na neno la kitoto la kinyesi, lenye undugu na cacare ya Kilatini, na maneno ya namna hiyo huanzia kwenye silabi anazorudiarudia mtoto. Wengine hawakubali. Kwa hiyo huenda mchezo wa sauti umo, ila ni wa mtoto, si wa kunguru.

Katika tafsiri ya kijana nimefuta "kelele", nimeandika "sauti zinazogombana". Sijaridhika: ugomvi umo, ubaya wa kakos umepotea. Nilivutwa pia na "zogo", lakini zogo linataka watu, na sentensi ya kijana inahusu fidla tatu na chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito.