Bande si bendi

Jumapili iliyopita tulikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, kwa shangazi. Kura, yaani umeme, ilikuwa imerudi saa moja jioni, na mudogo wangu mmoja alikuja na filamu kwenye flashi: Mission: Impossible ya tano, ile ya 2015 inayoitwa Rogue Nation. Tukaunganisha bafle, yaani spika, kubwa ya sebuleni. Hiyo filamu nimeshaiona mara tatu, na bado chai yangu ilipoa kwenye kikombe. Majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, muziki ukiwa unaendelea kunguruma, mudogo akanigeukia:

"Yaya, hii bandi orijinale iko nguvu sana! Bale batu banatokeaka inchi gani? Banaweza kuya huku kwetu siku moya?"

Ningenyamaza kama ingekuwa mara ya kwanza. Lakini wiki hiyohiyo MC wa harusi moja alitangaza "bande originale ya bibi harusi", akimaanisha wimbo anaoupenda. Na kijana wa redio naye alisema atatupigia "bande originale" ya filamu fulani, kisha akapiga wimbo mmoja wa dakika nne ambao kwenye filamu hauko popote isipokuwa mwishoni, watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu. Mara tatu kwa wiki moja. Basi tuelewane.

Bande originale ni muziki wa filamu kama ulivyorekodiwa kwa ajili ya filamu yenyewe, ukatolewa peke yake ili usikilizwe bila picha. Maana ni hiyo tu. Shida haianzii hapo, inaanzia kwenye neno bande.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tukisikia bande, sikio linakimbilia bendi. Watu wenye magitaa, mpiga ngoma, waimbaji wanne waliovaa sare. Ndiyo maana mudogo aliuliza wanatoka nchi gani. Lakini Kifaransa kina bande mbili zinazofanana kama mapacha, na si mapacha. Moja ni kundi la watu. Hiyo ilipita kwa Waingereza, ikageuka band, kisha ikatufikia sisi kama bendi. Asili yake inasemekana ni neno la Wagoti, watu wa kale wa Ulaya, lililomaanisha ishara au bendera, kitu ambacho kundi hufuata nyuma yake. Nyingine ni ukanda, kitu chembamba kirefu cha kufungia, na mzizi wake ni neno la kufunga la Wafranki, nao watu wa kale wa Ulaya. Hii ya pili unaijua vizuri kuliko unavyodhani: ndiyo bande anayokuzungushia enfirmiye, yaani muuguzi, ukiteguka kifundo cha mguu, na ndiyo bande iliyo ndani ya bande dessinée, hadithi za katuni, picha zikiwa zimepangwa kwenye ukanda. Hatuna sababu ya kuwacheka Wafaransa kwa hilo. Sisi wenyewe tuna kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako, na hakuna anayekalia kaa la moto kwa kuchanganyikiwa.

Bande ya filamu ni hiyo ya ukanda, tena ukanda wa kushikwa kwa mkono. Kabla ya kompyuta, filamu ilikuwa utepe wa plastiki wa upana wa milimita 35, wenye matundu pande zote mbili. Pembeni, kati ya picha na matundu ya upande mmoja, ulipita mstari mwembamba wenye mawimbi. Mstari huo ndio sauti. Taa inaupenya, mwanga unaotoka unaongezeka na kupungua kufuata mawimbi, kifaa kinachohisi mwanga kinaugeuza kuwa umeme, na umeme unakwenda kwenye bafle. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni kwamba sauti ya picha haikuchapwa kando ya picha yake. Picha hupita kwa kudunda, inasimama na kuondoka mara 24 kwa sekunde, lakini sauti ikisimama inakuwa kelele. Kwa hiyo sauti ilisomwa sehemu nyingine ya mashine, mahali utepe unapoteleza bila kusimama, na ilibidi ichapwe ikiwa imetangulia picha yake kwa fremu, yaani picha mojamoja za utepe, kama 20. Mtu anafungua mdomo hapa, neno lake liko mbele kidogo kwenye utepe.

Kwenye ukanda huo kulikuwa na kila kitu: maneno, risasi, breki za gari, mvua na muziki. Hiyo nzima ndiyo bande sonore. Ukiuchambua muziki ukaubakiza peke yake na kuuuza kwenye santuri, hapo ndipo linakuja lile neno la pili, originale.

Hapa lazima niwe mkweli, maana neno hili lilinisumbua mimi mwenyewe kwa miaka. Nilidhani orijinale maana yake muziki uliotungwa upya kwa ajili ya filamu hiyo. Sasa turudi kwenye filamu ya mudogo. Midundo miwili ndiyo inayobaki kichwani ukitoka pale. Wa kwanza ni ule unaoujua hata kama hujaona filamu hata moja: mbili ndefu, mbili fupi, mbili ndefu, mbili fupi. Aliutunga Lalo Schifrin, Mwargentina aliyefariki Juni 2025 akiwa na miaka 93, na aliutunga kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya 1966. (Jaribu kuucheza. Unahesabika kwa tano, wakati rumba yetu inakwenda kwa nne. Mudogo alijaribu pale sebuleni, mguu wa kushoto ukakosa pa kwenda.) Wa pili ni ule wa usiku wa opera huko Vienna, kule juu ya jukwaa ambako watu wanawindana na bunduki huku chini wanaimba. Huo ni wa Puccini, mtunzi Mwitaliano, kutoka Turandot, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milano mwaka 1926, yeye akiwa ameshafariki. Mtunzi wa filamu, Joe Kraemer, aliichukua melodi hiyo ya Puccini akaiingiza kwenye muziki wake, ikawa inamfuata yule mwanamke jasusi. Ukisikiliza kwa makini utaikuta imejificha kwenye ala za nyuzi, haina mwimbaji.

Kwa hiyo vipande viwili unavyotoka ukivifuatisha kwa mluzi havikutungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Na bado santuri yake ni bande originale halali kabisa. Kwa nini? Kwa sababu neno hilo halizungumzii utunzi, linazungumzia rekodi. Zamani okestra nyingine zilikuwa zinapiga upya muziki wa filamu iliyopendwa na kuuza kwa bei nafuu, hivyo wenye filamu wakaandika kwamba yao ndiyo ya ukanda wenyewe. Ni orijinale ileile ya muuza simu sokoni: hii ni yenyewe, ile ni ya kuiga. Muuza simu alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Kutunga ni jambo jingine, na lina neno lake. Wanakwaya wa parokia wanalijua: partisyo. Ni karatasi yenye mistari ambapo kila ala imepewa sehemu yake, na neno lenyewe linatokana na kugawanya. Mtunzi wa filamu anaandika partisyo akiwa na picha mbele yake, anahesabu sekunde: hapa pikipiki inageuka, hapa mtu anaanguka, hapa nyamaza. Waliobaki wanapiga kilichoandikwa. Marekani tuzo za Oscar zimetenganisha partisyo na wimbo tangu filamu za 1934, na kila moja ina zawadi yake. Ukitaka kuona umbali kati ya viwili hivyo, chukua filamu ya James Bond ya 2012, Skyfall. Mwimbaji Adele na mtunzi mwenzake Paul Epworth walipata Oscar ya wimbo. Thomas Newman aliteuliwa kwa partisyo, akakosa. Na ukinunua bande originale ya filamu hiyo ukitegemea kumsikia Adele, hayumo. Wimbo wake uliuzwa kando.

Kinyume chake pia kipo, na kimetoka kwetu. Mwaka 1958 kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin kutoka Kamina, wavulana wa hapa Katanga chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, ilirekodi Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mtindo wa Kikongo. Miaka sita baadaye Pasolini, mwongozaji filamu Mwitaliano, akaiweka kwenye filamu yake kuhusu Injili ya Mathayo, na mwaka 1968 kijana wa shule ya Kiingereza, ndani ya filamu iitwayo if...., anaweka Sanctus, yaani Mtakatifu, ya kwaya hiyo kwenye gramafoni na kuirudia. Sauti za Kamina ziko kwenye ukanda wa filamu hizo, lakini wavulana wale hawakuimba kwa ajili ya picha yoyote.

Linabaki neno okestra, na hapa simlaumu mtu. Kongo nzima orchestre ni kundi la rumba, lenye magitaa matatu na atalaku, mpiga kelele za kuchangamsha, na lilikuwa hivyo kabla mudogo hajazaliwa. Okestra ya filamu ni ile nyingine, ya violini na matarumbeta kwa makumi, inayosoma karatasi. Kinshasa wanayo tangu 1994, ya Wakimbanguiste, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu.

Kwa hiyo, mudogo, hakuna bendi ya kualika. Wale watu uliowasikia walikaa studio, wakasoma partisyo ya Kraemer, wakaenda nyumbani. Ukitaka kuwasifu, sema okestra imepiga vizuri. Ukitaka kumsifu aliyewaza, subiri majina yapande, usizime, utalikuta jina lake. Na yule anayeimba pale Vienna yumo ndani ya bande, ndiyo, ila yeye anaimba ya Puccini.

"Basi turudishe pale," akasema, akashika flashi. Tukarudisha.