Mwaka wa Methodisti huanzia mlangoni kwa mtu

Mgeni akihamia huku kwetu na kuanza kuabudu nasi, nikishamuuliza jina humuuliza anaishi upande gani. Nataka kujua ataingia darasa lipi. Mimi ni mhubiri na kiongozi wa darasa katika sakiti moja, yaani makanisa kadhaa chini ya mchungaji mmoja, ya upande wa bara wa Kilifi, si mbali na Ribe, pale ambapo Thomas Wakefield alianza kazi ya Wamethodisti mwaka 1862 baada ya kuletwa Mombasa na mmisionari Ludwig Krapf. Watu wengi huniuliza kanisa letu linaishije baina ya Jumapili na Jumapili. Wameziona kwaya, wamewaona akina mama na sare zao, wamesikia tarumbeta za Brigedi, chama cha vijana wetu, zikipita barabarani. Darasa hawajaliona, kwa sababu halina sare wala ngoma. Lakini ndilo linalojua nani amelazwa, mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo, na mzee yupi hajatoka nje tangu juma lililopita.

Sisemi darasa la ubatizo, wala lile la vijana wanaoandaliwa kupokewa kuwa washiriki kamili. Nasema kundi la waumini wanaoishi jirani, chini ya kiongozi mmoja. Kwetu hukutana jioni katikati ya juma, nyumba hii leo, nyumba ile juma lijalo. Huwa na wimbo, neno fupi na maombi, kisha habari za watu: nani yuko wapi, ana nini, amekosa nini. Mwisho hupita mchango, na mwenye nyumba huleta chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Mtu asiyeweza kusimama kanisani akasema neno mbele ya watu mia tatu, hapa husema.

Chanzo cha darasa ni deni. Mwaka 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikuwa bado wanadaiwa fedha za jengo lao la ibada. Walipokaa kushauriana, Kapteni Foy akapendekeza kila mwanachama atoe peni moja kwa juma. Akajibiwa kwamba wengi wao ni maskini na peni hiyo hawana. Foy akasema apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea kila juma, na asiyekuwa nayo atamlipia yeye mwenyewe. Wenzake wakafuata mfano huo, wakagawana majina. Walipokuwa wakizunguka kukusanya peni, wakaanza kuona mambo ambayo mhubiri hakuyajua: mume anayelewa, majirani wasioamkiana, mgonjwa aliyesahauliwa. John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, alipoletewa habari hizo alitambua kwamba hiki ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote, njia ya kuwachunga watu mmoja mmoja. Deni likalipwa, na ziara zikabaki.

Kwa watu waliokulia kwenye harambee na vyama vya akina mama, habari ya Foy haihitaji mkalimani. Tunajua fedha ndogo ndogo hutukutanisha, na kukutana hutuonyesha mambo mengine. Ndiyo maana naumia ninapoona kiungo hicho kikikatika mbele ya macho yetu. Siku hizi mchango wa darasa hutumwa kwa M-Pesa. Mweka hazina anafurahi, hesabu ni safi, hakuna sarafu zinazopotea mfukoni, na ndugu zetu walio Nairobi au Doha hutoa kama waliopo. Mambo hayo yote ni mema. Lakini kiongozi aliyelazimika kubisha hodi kila mwezi sasa anasoma majina kwenye simu. Aliyetuma shilingi mia mbili anaonekana. Asiyekuwa na kitu cha kutuma haonekani kabisa, naye ndiye hasa Foy aliyeomba apewe.

Kwa hiyo nawaambia viongozi wapya waitumie misimu ya kanisa kama sababu za kwenda kubisha hodi, maana mwaka wetu umejaa sababu hizo.

Tuanze na Januari. Jumapili ya kwanza ya mwaka tunafanya Ibada ya Agano. Wesley aliiendesha mara ya kwanza tarehe 11 Agosti 1755, katika kanisa la Wafaransa lililokuwa Spitalfields, London, na watu wapatao 1,800 wakasimama kukubali agano. Baadaye ibada hiyo ikazoea kukaa mwanzoni mwa mwaka. Sala yake ni nzito kuliko sala zote ninazozijua katika ibada zetu. Mtu anajitoa kwa Mungu awekwe kazini au awekwe kando, ainuliwe au ashushwe, awe na vyote au asiwe na chochote. Sasa iweke sala hiyo kwenye Januari yetu ya Kenya, hii ambayo vijana wanaiita Njaanuari. Krismasi imekula akiba, shule zinafunguliwa, duka limekataa kukopesha. Mtu aliyeachishwa kazi Desemba hapaswi kuyakuta maneno ya kuwekwa kando kwa mara ya kwanza akiwa ameketi kwenye benchi, mkewe pembeni.

Ndiyo maana darasa letu huipitia sala hiyo nyumbani kabla ya siku yenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Watu huuliza maswali ambayo hawangethubutu kuuliza kanisani. Mama mmoja aliwahi kuuliza kama akisema "nisiwe na chochote" atakuwa amemwombea mwanawe akose chuo. Tulikaa na swali hilo jioni nzima. Nilimwambia, na bado naamini hivyo, kwamba sala haimwombi Mungu atuletee ukosefu; inasema ukosefu ukija hautatutenga naye, wala sisi kwa sisi. Na hili la sisi kwa sisi lazima liwe na miguu, vinginevyo sala inabaki hewani. Juma linalofuata ibada ndilo juma la kuuliza karo za watoto zimefikia wapi.

Kwaresima hupita kwa utulivu: mikutano ya nyumba kwa nyumba, maandamano ya Ijumaa Kuu, na Pasaka ibada ya alfajiri ambayo watoto hujitahidi wasiikose. Kisha huja masika. Tarehe 24 Mei tunakumbuka jioni ile ya mwaka 1738 katika mtaa wa Aldersgate, London, Wesley aliposikia moyo wake ukipashwa joto kwa namna ya ajabu. Kwetu siku hiyo mara nyingi huangukia mvua kubwa na barabara za udongo zikiteleza, kwa hiyo wengi hukumbuka wakiwa nyumbani.

Hapa niseme neno kuhusu ratiba. Mchungaji wetu si wa kanisa moja, ni wa sakiti nzima, makanisa kadhaa yaliyotawanyika. Kila robo ya mwaka hutoka ratiba inayoonyesha nani atahubiri wapi, na Jumapili nyingi katika makanisa mengi anayepanda mimbarani ni mhubiri wa kawaida kama mimi: mwalimu, fundi, mkulima. Mchungaji akifika ndipo Meza ya Bwana huandaliwa. Utaratibu huu tumeurithi tangu enzi za Wesley na wenzake kuzunguka kwa farasi, na unafanya kazi tu iwapo kuna watu wanaobaki mahali mchungaji akiondoka. Ukikuta kanisa la Methodisti linalalamika kwamba mchungaji hawaoni wagonjwa, uliza kwanza madarasa yake yako wapi.

Msimu ninaoupenda kuliko yote ni Mavuno. Kwa Waingereza, sikukuu hii ni ya Septemba na mwanzo wa Oktoba, ngano yao ikishaingia ghalani. Sisi tunafuata mvua yetu. Huku Pwani mahindi ya masika hukauka Julai na Agosti, na ndipo tunapovuna. Sehemu kavu za Meru, ambako Methodisti wana makanisa mengi kuliko sisi, hutegemea zaidi mvua za Oktoba, kwa hiyo shukrani yao kubwa inaweza kuangukia Februari au Machi. Naunga mkono kwa nguvu zote kila sakiti inayopanga Mavuno yake kwa kuangalia shamba. Kumtaka mkulima alete malimbuko wakati magunia yake yameshaisha ni kumtwisha mzigo usiokuwa wake.

Siku yenyewe wanakuja kwa madarasa, wakiimba, mizigo kichwani. Magunia ya mahindi na kunde, nazi, mikungu ya ndizi, mihogo yenye udongo bado, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja anayelia ibada nzima. Baada ya baraka huanza mnada chini ya mwembe. Dalali mzuri huliuza yai moja mara nyingi: anayelinunua hulirudisha liuzwe tena, na anayefuata hulirudisha pia, mpaka yai la mjane mmoja limeingiza fedha kuliko gunia. Sijaona namna nzuri zaidi ya kuiheshimu sadaka ndogo mbele ya watu.

Nisichokipenda ni kusoma jumla za madarasa kutoka la kwanza hadi la mwisho. Najua inachochea ushindani na paa la kanisa linakamilika haraka. Lakini darasa la mwisho huwa lile lile kila mwaka, la upande wenye mawe, lenye wajane na vibarua, na nimeona viongozi wake wakiinamisha vichwa siku ambayo walipaswa kushukuru. Tangazeni jumla moja ya kanisa zima. Tena, kabla ya mnada kuanza, itengwe sehemu isiyouzwa. Walawi 19 imeagiza pembe za shamba ziachwe kwa maskini na mgeni. Kwetu viongozi wa madarasa huleta orodha ya nyumba, na vyakula hivyo hupelekwa jioni ile ile bila kutajwa majina kwenye kipaza sauti.

Orodha hizo ndizo zilizotushika miaka ile migumu. Machi 2020, korona ilipoingia, milango ya ibada ilifungwa nchini kote. Ilipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wasije walio chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Fikiria kanisa la kijijini lisilokuwa na wazee wake. Waliozijua nyimbo kwa moyo, walioshika funguo, walioweza kueleza mpaka wa kiwanja cha kanisa uko wapi, wote walibaki nyumbani. Madarasa yaliyokuwa hai yalijigawa: vijana wakawa wanasimama uani, barakoa usoni, wakisoma neno la siku na kuuliza kama dawa ya presha ipo. Madarasa yaliyokuwa majina kwenye daftari tu yalipoteza watu, na wengine hawajarudi hadi leo.

Kabla hatujapumua, mvua zikakataa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika ukanda huu wa Pembe ya Afrika, na Kilifi tuliumia. Mavuno yalifika bila mavuno. Sakiti yetu haikuifuta sikukuu. Iligeuza njia ya mizigo. Badala ya watu kubeba chakula kwenda kanisani, madarasa yalibeba unga, maharagwe na mitungi ya maji kutoka kanisani kwenda majumbani, na wimbo ulikuwa ule ule. Sehemu kubwa ya fedha za unga ule ilitoka kwa wana wetu walio Mombasa na ng'ambo, kwa simu. Simu ilikuwa baraka kwa sababu huku mwisho wake alikuwepo mtu aliyeijua njia ya kila nyumba.

Kila Agosti, wakati wa Mavuno yetu, vijana wakiwa likizo huwa na kambi na mashindano ya kwaya, nami hufurahi nikiwaona, ila habari zao wanajua kuzieleza wenyewe vizuri zaidi. Nikimbilie Desemba. Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, kwetu ni msimu wa wageni: mabasi yanashusha watu kutoka Nairobi, nyumba zinajaa, na darasa lenye wanane Novemba linakuwa na ishirini. Kisha mkesha wa tarehe 31. Mikesha ya Wamethodisti ilianzia kwa wachimba makaa wa Kingswood, karibu na Bristol, ambao zamani walikesha vilabuni na baada ya kuokoka wakakesha kwa maombi. Wesley alipoieneza alichagua Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, ili watu waone njia ya kurudi nyumbani. Mtu aliyewaza habari ya giza la njiani alikuwa mchungaji kweli. Sisi tarehe yetu haiangalii mwezi, kwa hiyo kila darasa huja pamoja na kurudi pamoja, mwenye tochi mbele.

Kabla ya mkesha, darasa hukutana mara ya mwisho na kulipitia daftari jina kwa jina: aliyefariki, aliyezaliwa, aliyeolewa na kuhamia sakiti nyingine na anayehitaji barua ya utambulisho, aliyekoma kuja bila sababu kujulikana. Kwa kiongozi mpya, kila jina nataka aliandikie mambo matatu: siku aliyomtembelea mara ya mwisho, alichomkuta nacho, na alichoombwa afanye. Kiasi kilichotolewa kinaandikwa katika daftari jingine, la mweka hazina.